Risasi ya Mdunguaji Ilizaliwa kwa Ajili ya Ndovu

Kwa nyumba ya babu yangu huko Kibwezi, kando ya redio, kuna ganda la risasi limesimama wima kama kikombe kidogo. Ni la shaba, refu kama kidole changu cha kati, na limekaa hapo tangu mama yangu akiwa mtoto. Sisi wajukuu tulikuwa tunalipuliza kama filimbi mpaka nyanya atukemee. Babu alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa safari, ile kazi iliyokufa mwaka wa 1977 serikali ya Kenya ilipopiga uwindaji marufuku. Kwa kitako cha hilo ganda kuna maandishi yaliyofifia: KYNOCH, halafu .416 RIGBY.

Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza maana yake. Halafu juzi niko kwa kibanda cha gemu mtaani, vijana wawili wanabishana kuhusu bunduki za wadunguaji kwa Call of Duty. Mmoja anasema .338 Lapua ndiyo mnyama. Mwenzake anasema .300 Winchester Magnum inatosha kabisa, hiyo ingine ni kelele tu. Mimi siwezi kuona mabishano nikapita, kwa hivyo nikaenda kusoma. Na wasee, usiku huo sikulala. Kumbe hizo risasi mbili, ambazo ndizo majeshi ya Uingereza na Marekani yalikimbilia walipoona zile za zamani hazifiki mbali, zote mbili zimetokana na risasi zilizotengenezwa London kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya ndovu, nyati na simba. Na mzazi wa .338, huyo "mnyama" wa kibandani, ndiye huyo amekaa kando ya redio ya babu.

Wacha nianze mbali kidogo, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini jeshi linaweza kuamua kutupa risasi linayoijua na kuchukua ingine.

Tangu 1954 nchi za NATO zilikubaliana kutumia risasi moja ya bunduki: 7.62 kwa 51. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Ni risasi nzuri, hakuna mtu anaitukana. Bunduki za wadunguaji zikafanywa zitumie hiyo hiyo, na sababu yake ni ya stoo: kama rashasha ya kikosi na bunduki ya mdunguaji zinakula chakula kimoja, lori moja linatosha. Watu wengi wakiongea mambo ya silaha wanasahau lori.

Shida ni umbali. Risasi ya 7.62 ya mdunguaji wa Marekani inatoka mtutuni ikiwa na mwendo wa karibu mita 790 kwa sekunde. Hewa inaizuia kila hatua. Ikikaribia kilomita moja imeshashuka zaidi ya mita 10 kutoka pale mtutu ulielekea, na mwendo wake umeanguka karibu na ule wa sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo inaanza kuyumba, kama boda boda imegonga tuta ikiwa imebeba watatu. Mdunguaji anaweza kuhesabu mteremko wa risasi, anaweza kuhesabu upepo, lakini hakuna mtu anaweza kuhesabu kuyumba. Ndiyo maana vitabu vya jeshi viliandika mita 800 kama mwisho wa kuaminika wa M24, bunduki ya wadunguaji wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, njia ni moja tu. Chukua kichwa cha risasi kizito na chembamba ambacho hewa haiwezi kukisimamisha haraka, halafu kisukume kwa baruti nyingi zaidi. Baruti nyingi inataka ganda kubwa. Na sasa swali ni, ganda kubwa litatoka wapi? Kutengeneza ganda jipya kutoka sifuri ni gharama. Mafundi wa risasi karibu kila mara wanafanya kitu kimoja: wanatafuta ganda la zamani lililo kubwa, wanalibana shingo, wanaweka kichwa chembamba. Hapo sasa ndipo tunarudi kwetu.

Miaka ya kwanza ya karne ya 20, Nairobi ilikuwa mji wa matope na reli, na biashara moja iliyokuwa inaleta pesa ya haraka ni safari za matajiri. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu ikulu ya Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 na kijana wake Kermit, na kwa safari ile wao wawili waliua wanyama 512. Roosevelt alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyopewa zawadi na marafiki Waingereza. Bunduki kama hizo zilitengenezwa kwa mkono na bei yake ilikuwa ya watu kama yeye. Mlowezi wa kawaida au mwindaji wa pembe hangeweza kuzigusa.

Kampuni ya John Rigby ya London iliona hilo pengo. Rigby ndiyo ilikuwa wakala wa Mauser huko Uingereza, na Mauser walikuwa wameunda mtambo mrefu wa komeo unaoweza kumeza risasi kubwa. Mwaka wa 1911 Rigby wakatoa .416: bunduki ya komeo, magazini ya risasi kadhaa, bei ambayo mtu anaweza kujikaza akalipa, na nguvu ya kumsimamisha nyati anayekuja. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa karibu gramu 27. Mwaka uliofuata, 1912, Holland & Holland wakajibu na .375 Magnum, ambayo mpaka leo nchi kadhaa za Afrika zinaihesabu kuwa ndiyo ya chini kabisa unayoruhusiwa kuwindia mnyama hatari.

Sasa sikia hii, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kwa nini ganda la .416 ni kubwa hivyo? Siyo kwa sababu Rigby walitaka kasi. Ni kwa sababu ya jua letu. Baruti ya Waingereza wakati ule ilikuwa ile inayoitwa kodaiti, nyuzi nyuzi kama tambi, na kodaiti ikipata joto inawaka kwa hasira zaidi. Risasi iliyopimwa vizuri kwa baridi ya London, ukiileta Voi saa nane mchana, shinikizo linapanda na ganda linakwama ndani ya bunduki. Nyati amekasirika, wewe unapigana na komeo. Rigby wakafanya ganda pana na refu kupita mahitaji, ili kodaiti ipate nafasi na shinikizo libaki chini hata kwa joto la Afrika na India. Yaani ile nafasi ya ziada ndani ya ganda, ambayo miaka 70 baadaye mafundi wa wadunguaji waliiangalia kwa tamaa, iliwekwa pale na joto la Tsavo na nchi zingine kama hizi.

Hapa lazima nimtaje mtu mmoja kwa sababu mtu akisoma hadi hapa atafikiri nasema risasi kubwa ndiyo kila kitu. Mskoti Walter Bell, wa Karamoja kule Uganda, aliua zaidi ya ndovu 1,000, na wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7, ambayo Rigby hao hao walikuwa wanaiuza kwa jina la .275. Wenzake walikuwa wanabeba mizinga. Bell yeye alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, halafu akawa anaenda karibu na kupiga pale tu. Sisemi hivi kumsifu, ndovu 1,000 ni ndovu 1,000. Lakini ubishi wa vijana wa kibandani ulishabishaniwa Karamoja kabla baba wa babu zao hawajavaa viatu.

Na kama unataka mfano mwingine wa kwamba upana siyo umbali, nenda Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa Von Lettow-Vorbeck walikuwa na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, risasi nene ya milimita 11, baruti nyeusi. Nene kuliko yoyote niliyotaja. Lakini ilikuwa ya polepole, na kila ukipiga unatoa wingu la moshi linalomwambia adui uko wapi. Wajerumani walishinda Tanga hata hivyo, na kitu cha maana walichookota ufukweni ni bunduki 455 za kisasa na risasi 600,000 ambazo Waingereza waliacha wakikimbilia meli zao. Risasi nyembamba za .303, na askari alizifurahia kuliko ile nene yake.

Vita hiyo hiyo ndiyo ilimuua Frederick Selous, mwindaji maarufu kuliko wote, tarehe 4 Januari 1917 kule Beho Beho karibu na Rufiji. Alikuwa na miaka 65. Alipigwa na mdunguaji wa upande wa Wajerumani. Mtu aliyeanza kuwinda ndovu miaka ya 1870 na bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo, zenye kutupa tufe zito kama jiwe la mizani, akaishia mbele ya darubini ya mtu mwingine. Wawindaji walikuwa wameanza kuwa windo.

Na huko Ulaya, kwenye mahandaki ya Ufaransa, uhusiano wa uwindaji na udunguaji ulikuwa wazi zaidi. Wajerumani walikuwa wanapiga wakiwa nyuma ya mabamba ya chuma yenye tundu dogo, na .303 ya kawaida ilikuwa inadunda tu. Mwaka wa 1915 mwindaji mmoja Mwingereza, Hesketh-Prichard, akaleta bunduki za wanyama wakubwa, ikiwemo .333 ya Jeffery, na mabamba yakaanza kutoboka. Mwaka uliofuata akaanzisha shule ya udunguaji ya jeshi lao huko huko Ufaransa. Tazama hiyo namba: .333. Miaka 90 baadaye jeshi hilo hilo litanunua .338 na kuiita teknolojia mpya. Tofauti ya upana wao haifiki unene wa kadi ya benki.

Vita ilipoisha, walisahau. Majeshi yanasahau haraka sana mambo ya wadunguaji, ni kama wanaaibika nayo. Huko Vietnam mwaka wa 1967 Carlos Hathcock alimpiga mtu umbali wa mita 2,286, lakini hakutumia bunduki ya mdunguaji. Alifunga darubini juu ya rashasha kubwa ya Browning ya .50, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee kinachofika. Rekodi hiyo ilikaa miaka 35. Mwaka wa 1982 mpiga picha mmoja wa Tennessee, Ronnie Barrett, ambaye hakuwa fundi wa bunduki hata kidogo, akachora bunduki ya begani inayotumia hiyo risasi ya .50, na Wasweden wakanunua 100 mwaka wa 1989. Inafika mbali, ndiyo. Lakini ina uzito wa karibu kilo 14. Hebu jaribu kupanda mlima nayo.

Kwa hivyo kulikuwa na nafasi katikati: kitu kinachopita 7.62 kwa mbali lakini mtu mmoja anaweza kukibeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kimarekani ya Research Armament Industries ilipewa hiyo kazi. Walitaka risasi ambayo kwa mita 1,000 bado inapita fulana ya kuzuia risasi. Wakatafuta ganda kubwa. Wakapata la .416 Rigby. Wakalibana shingo mpaka .338, yaani milimita 8.6.

Na likashindwa! Hii sehemu naipenda sana. Ganda lilikuwa limezaliwa kwa shinikizo la chini, sawa? Kwa sababu ya joto letu. Sasa hawa wanataka kulikandamiza kwa baruti ya kisasa ili kichwa cha gramu 16 kiruke kwa mita 900 kwa sekunde. Kitako cha ganda hakikuwa kimejengwa kwa mateso hayo. Wamarekani wakachoka. Kampuni ya Lapua ya Finland ndiyo ililichukua, ikalifupisha kidogo na kuimarisha shaba ya kitako, na 1989 .338 Lapua Magnum ikasajiliwa rasmi. Upande wa bunduki kulikuwa na Accuracy International ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa na Malcolm Cooper, bingwa wa Olimpiki wa kulenga shabaha mara mbili, 1984 na 1988. Hao ndio walikuwa wameshauzia jeshi lao L96 ya 7.62, na ndio baadaye walileta dada yake mkubwa, L115, ya .338.

Lakini kuwa na kitu na kukinunua ni mambo mawili. Vita Baridi ilikuwa inaisha. Ulaya ina misitu na vijiji, unamwona adui kwa mita 300. Nani anahitaji mita 1,500?

Afghanistan ndiyo ilijibu. Na Afghanistan ilikuwa imewahi kujibu hilo swali. Januari 1842 jeshi la Waingereza liliondoka Kabul, askari na raia jumla kama 16,000, na wakamalizwa njiani kwenye mapito ya milima. Njaa na theluji ziliua wengi. Lakini pia Waafghani walikaa juu ya majabali na bunduki zao ndefu za jezail, wakipiga kutoka mbali ambako bunduki fupi za Waingereza hazikufika. Miaka 160 ikapita, wageni wakarudi na ndege na setilaiti, na bado wakapigwa kutoka ng'ambo ya bonde. Wapiganaji wa Taliban walikuwa na PKM, rashasha ya Kirusi inayotumia risasi ya mwaka wa 1891. Nirudie: 1891. Nairobi haikuwepo. Na hiyo risasi ya kizee ilikuwa inafika mbali kuliko M4 ya askari wa Marekani. Mwaka wa 2009 meja mmoja wa Marekani, Thomas Ehrhart, aliandika ripoti iliyosomwa sana akisema zaidi ya nusu ya mapigano kule yalikuwa kwa umbali wa zaidi ya mita 300, wakati askari wamefunzwa na kupewa silaha kwa umbali mfupi zaidi ya huo.

Waingereza walitangulia kuchukua hatua. Kufikia 2008 wadunguaji wao walikuwa Helmand na L115A3 ya .338. Wamarekani wakaja nyuma, lakini hadithi yao ni tamu zaidi kwa sababu dawa walikuwa nayo ndani ya nyumba muda wote. M24 ilipochukuliwa mwaka wa 1988, waliijenga juu ya mtambo mrefu wa Remington 700, ingawa 7.62 inatosha kabisa kwa ule mfupi. Ukifungua komeo unaona nafasi tupu, kama mtoto amevaa sare ya shule ya kaka yake. Iliachwa makusudi, ili siku moja wakitaka wabadilishe kwenda .300 Winchester Magnum. Hiyo siku ilikuja baada ya miaka 22. Septemba 2010 Remington wakapewa mkataba wa kugeuza M24 hadi 3,600. Mtutu mpya, kitako kipya kinachokunjwa, magazini ya risasi 5 inayotoka, kiwambo cha sauti, darubini mpya. Jina likawa M2010, na mapema 2011 zikaanza kufika Afghanistan. Umbali wa kuaminika ukatoka mita 800 ukaenda 1,200.

Na unajua upana wa risasi ulibadilika kiasi gani? Sifuri. .300 Winchester Magnum na 7.62 ya NATO ni kichwa kipana sawa. Kilichobadilika ni urefu wa kichwa, uzito, na ganda: milimita 67 badala ya 51, kichwa cha gramu 14 badala ya 11, mwendo wa karibu mita 870 badala ya 790. Kwa hivyo yule kijana wa kibandani aliyesema "kaliba ndiyo inaua" alikosea. Hata kwa Kiswahili tukisema mtu wa kaliba fulani hatumaanishi upana wake.

Hiyo .300 Winchester ilitolewa mwaka wa 1963, na ganda lake ni la .375 ya Holland & Holland lililofupishwa na kubadilishwa umbo. Ukilitazama utaona mkanda wa shaba unaozunguka karibu na kitako. Kwa .375 ule mkanda ulikuwa na kazi: ganda lilikuwa na mabega ya mteremko, ili liingie na kutoka kwa urahisi, kwa hivyo kitu kingine kilihitajika kulishikilia mahali pake. Kwa .300 mabega ni makali, yangeweza kushika yenyewe. Mkanda umebaki tu kama kitovu. Hauna kazi ya maana, unaonyesha ulikotoka.

M2010 yenyewe haikudumu. Miaka 10 tu baadaye, 2021, jeshi likatoa mkataba wa bunduki ingine, MK22 ya Barrett, inayobadilishwa mtutu ili ipige 7.62, .300 Norma au .338 Norma. Hizo Norma mbili? Zimetokana na ganda la .338 Lapua. Yaani bado tuko kwa ganda la Rigby. Ukoo haujaisha, umebadilisha tu jina la baba.

Sasa kuhusu rekodi, ambazo najua ndizo mlikuwa mnangoja. 2002, Wakanada wawili Afghanistan, mita 2,310 halafu 2,430, kwa .50. 2009, Craig Harrison wa Uingereza, Musa Qala, mita 2,475, kwa L115A3, na hiyo ndiyo inashangaza kwa sababu bunduki yenyewe iliandikiwa mita 1,100 tu. 2017, Mkanada mwingine, Iraq, mita 3,540, .50 tena. Novemba 2023, Viacheslav Kovalskyi wa Ukraine, mzee wa miaka 58 aliyekuwa mfanyabiashara, iliripotiwa mita 3,800, kwa bunduki ya kwao ambayo ganda lake linatokana na risasi ya Kisovieti ya kutoboa vifaru ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Risasi ilikuwa hewani kama sekunde 9. Hesabu pole pole mpaka tisa uone.

Mimi hapa nina maoni na najua mtanipinga. Kubadilisha risasi kwenda 1,200 lilikuwa jambo la akili: askari walikuwa wanapigwa na hawawezi kujibu, na kumwachia mtu wako bondeni bila jibu ni dhambi ya mkuu wake. Lakini kutoka hapo kwenda 3,000 na kitu, tunashangilia tu. Nyingi ya rekodi hizo zilipatikana baada ya kukosa mara kadhaa. Wakanada wa 2002 walikosa kwanza. Kukosa kwa umbali huo kunamaanisha risasi imetua mahali, na hujui ni nani alikuwa pale. Na yule anayepiga hatoki bila deni. Harrison amezungumza hadharani kuhusu msongo wa akili uliomfuata baada ya vita, na jina lake lilipotangazwa na rekodi yake, usalama wa familia yake ukawa shida. Gemu haikuonyeshi hiyo.

Nilimpelekea babu video ya .338, wikendi nikiwa nyumbani. Akaitazama mara mbili. Akauliza ni umbali gani. Nikamwambia, mita 1,500, kutoka hapa mpaka kule sokoni. Akanyamaza, halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimesoma popote. Kwamba .416 ilikuwa ya karibu. Mita 30, mita 40. Mwindaji aliyekuwa anapiga nyati kutoka mbali, wabeba bunduki walikuwa hawataki kufanya kazi naye, kwa sababu nyati akijeruhiwa akaingia kichakani, siyo mzungu anayetangulia kufuata damu. Ni wao. Alinionyesha kovu kwa paja ambalo maisha yangu yote nilidhani ni la panga.

"Kwa hiyo hawa," akauliza, akionyesha simu, "nani anaenda kuangalia?"

Sikuwa na jibu, nikabadilisha mada. Jioni nilichukua lile ganda nikampelekea binamu yangu ambaye ni fundi wa mota pale stejini, ana kipimo cha vernia. Tukapima kitako: karibu milimita 15. Kitako cha .338 Lapua, kwa michoro yote niliyoona, ni milimita 14.9. Urefu ndio tofauti, letu ni 74 na ile ni 69. Nikalirudisha kando ya redio kabla nyanya hajaliulizia.